Shajara ya mradi: samadi ya kuku, shabu na fosforasi inayoondoka na maji

Tulichokusudia

Mradi huu unauliza jambo moja. Shamba linalolishwa samadi ya kuku iliyotibiwa linapoteza fosforasi kiasi gani kwa maji ya mvua, na hasara hiyo ipunguzweje? Jibu la haraka linajulikana na ni zuri: shabu, ile alumini salfeti inayotumika pia kutuliza maji ya matope. Ikichanganywa na matandazo ya bandani, huishika fosforasi isiyeyuke ovyo. Nilianza mradi nikiwa mshabiki wa shabu, na bado ni mshabiki wake. Lakini kadiri kazi ilivyosonga ndivyo nilivyozidi kuiona kuwa ni sehemu moja tu ya kazi, tena si ile kubwa.

Hesabu kabla ya beleshi

Kabla ya kugusa samadi tulikaa na kalamu. Samadi ya kuku wa nyama, ikiwa pamoja na maranda yake, kwa kawaida ina naitrojeni kama asilimia 3 na fosforasi kama asilimia 1.5. Katika tani moja hizo ni kilo 30 na kilo 15, yaani mbili kwa moja. Mimea haili kwa uwiano huo. Nafaka na majani ya malisho huchukua naitrojeni mara 6 hadi 10 ya fosforasi.

Chukua zao linalohitaji kilo 150 za naitrojeni kwa hekta. Naitrojeni ya samadi haipatikani yote msimu wa kwanza. Tukikadiria nusu, kila tani inatoa kilo 15, kwa hiyo zinatakiwa tani 10. Tani hizo 10 zinaingia na kilo 150 za fosforasi, ilhali mavuno yataondoka na kilo 25 hivi. Kilo 125 zinalala shambani. Mwaka unaofuata naitrojeni imekwisha, mkulima anarudia kipimo kilekile, na fosforasi inapandana tabaka juu ya tabaka.

Tuligeuza hesabu. Samadi ikipimwa kwa fosforasi inayoondoka na mavuno, tani 1.7 kwa hekta zinatosha. Kwenye ploti zetu za mita 3 za mraba tofauti yenyewe ni hii: kilo 3 kwa kipimo cha naitrojeni, nusu kilo kwa kipimo cha fosforasi. Mwenye shamba alisimama kando akatazama ile nusu kilo ikitawanywa, akauliza, "Mwanangu, hapa umetia mbolea au umetia chumvi?" Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Mtu mwenye lundo la samadi nyuma ya banda hatafuti kipimo kidogo; anatafuta mahali pa kuipeleka. Mapendekezo yoyote yatakayosahau lundo hilo yataishia kwenye karatasi.

Kwa nini kilo moja ni nyingi

Mkulima hahisi upotevu wa kilo 1 ya fosforasi kwa hekta. Ziwa linahisi. Mazao mengi yanataka maji ya udongoni yawe na miligramu 0.2 hivi za fosforasi kwa lita ili yasipungukiwe, na ziwa huanza kujaa mwani likipita karibu 0.03. Maana yake maji yanayolisha mmea vizuri yamekwishazidi mno kwa ziwa. Kilo 1 inatosha kufikisha lita milioni 33 kwenye kiwango hicho cha 0.03. Na kwa uwiano ambao mwani hujijenga, gramu 1 ya fosforasi hutoa gramu 100 hivi za mwani mkavu.

Mwaka 1973, katika maziwa ya majaribio ya Ontario nchini Kanada, David Schindler na wenzake waligawa Ziwa 226 kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyo hivyo pamoja na fosforasi. Ni upande wa pili uliogeuka kijani. Picha ya ziwa lile kutoka angani imebandikwa juu ya sinki la maabara yetu, kwa ajili ya wale wanaoosha chupa za sampuli na kujiuliza kwa nini lazima zioshwe kwa asidi.

Uwanja

Tumepata mteremko wa asilimia 5 hivi wenye nyasi za kudumu. Kilichotuvutia ni historia yake. Sehemu ya juu haijapata samadi kwa kadiri mwenye shamba anavyokumbuka. Sehemu ya chini, iliyo karibu na mabanda, imepokea samadi miaka nenda miaka rudi, kwa sababu toroli likijaa hakuna anayependa kulisukuma kupanda mlima. Udongo ni uleule, nyasi ni zilezile, ila akaunti zao za fosforasi ni tofauti kabisa.

Kila ploti ina mita 1.5 kwa 2, imezungushiwa bati lililozikwa nusu ili maji ya jirani yasiingie, na upande wa chini kuna mfereji unaoyapeleka maji kwenye ndoo. Namna tulizopanga ni hizi: bila kitu, samadi ghafi juu ya nyasi, samadi yenye shabu juu ya nyasi, samadi iliyoozeshwa kuwa mboji, halafu samadi ghafi na yenye shabu zilizofukiwa kwenye mikato myembamba. Kila namna imerudiwa juu na chini ya mteremko, ploti zikipangwa kwa kura.

Udongo tuliuchukua kwa kina viwili. Kina cha kawaida cha kupima rutuba ni sentimita 15 au 20, nacho kinamfaa anayewaza mizizi. Maji ya mvua hayachimbi hivyo. Yanapotiririka yanachanganyika na sentimita chache tu za juu, na chini ya nyasi zisizolimwa hapo ndipo fosforasi inapojikusanya. Kwa hiyo sentimita 5 za juu zina mfuko wao peke yake. Anayechanganya zote kwenye ndoo moja anaipunguza makali namba anayoitafuta.

Kutibu samadi

Shabu ya viwandani ina molekuli 14 za maji, na alumini ndani yake ni kama asilimia 9 kwa uzito. Tumetumia asilimia 10 ya uzito wa samadi, kiwango cha juu katika vile vinavyopendekezwa kwa kawaida. Kwa kilo 1 ya samadi hiyo ni gramu 100 za shabu, gramu 9 za alumini. Fosforasi yote katika kilo hiyo ni gramu 15. Ukihesabu chembe kwa chembe, alumini ni kama saba kwa kila fosforasi kumi. Haitoshi kuishika yote, na haihitajiki kuishika yote, kwa kuwa sehemu inayoyeyuka kwenye maji ni ndogo, yapata gramu 2 katika zile 15. Hizo gramu 2 ndizo zinazokimbia kwanza mvua ikinyesha.

Philip Moore na D. M. Miller, wakifanya kazi Arkansas, walionyesha mwaka 1994 kwamba fosforasi inayoyeyuka ndani ya matandazo inaweza kushushwa kutoka zaidi ya miligramu 2,000 kwa kilo hadi chini ya 1, kwa misombo ya alumini, kalisi au chuma, uchachu ukiwa unaofaa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Misombo yote mitatu inafanya kazi ndani ya chupa, shambani inatengana.

Chokaa inapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka uchachu ukizidi, na pH ikipanda amonia inapaa. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika hali ya gesi. Ikifika 8 ni asilimia 5 hivi. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi. Ukitibu kwa chokaa unaiokoa fosforasi na kuitupa naitrojeni hewani, kisha mkulima anaongeza samadi kufidia naitrojeni. Umerudi ulikotoka. Tena fosforasi iliyoshikwa na kalisi huachiliwa taratibu udongo ukiwa na uchachu. Chuma nacho kina udhaifu wake. Udongo ukisimama maji na kukosa oksijeni, chuma hubadilika hali na kuiachia fosforasi iliyokuwa imeishika, na hivyo ndivyo hali inavyokuwa bondeni, ambako hatutaki iachiliwe. Alumini haibadiliki hivyo. Ndiyo maana tuko na shabu.

Faida nyingine ya shabu inasahaulika na watu wa udongo kama mimi. Ikiwekwa bandani kabla ya vifaranga kuingia, huvuta pH chini, amonia hubaki ndani ya samadi kama amoniamu, na kuku hupumua vizuri. Naitrojeni ikibaki, uwiano wake na fosforasi unapanda, na kipimo cha samadi kwa hekta kinashuka. Kuitia shabu kwenye lundo baada ya samadi kutolewa bandani kunashika fosforasi tu. Sehemu kubwa ya amonia imekwishaondoka. Kundi letu la samadi lilitibiwa bandani. Vumbi la shabu huwasha macho na koo vibaya, kwa hiyo miwani, barakoa na glavu havikuwa hiari.

Mwenye shamba alikuwa na swali jingine, na hili nililitarajia: alumini si sumu kwa mizizi? Ni sumu, ila udongo ukiwa na uchachu mkali, pH ikiwa chini ya 5.5 hivi, ndipo alumini inapoyeyuka na kuiumiza mizizi. Uchachu wa shabu unamalizikia kwenye samadi yenyewe, ambayo ina amonia na kabonati za kutosha kuupoza. Kisha tazama wingi. Tani 10 za samadi yenye shabu zinapeleka kilo 90 hivi za alumini kwa hekta, na udongo wa kawaida, ambao una alumini kama asilimia 7, tayari una zaidi ya tani 100 katika sentimita 15 za juu. Katika jaribio la muda mrefu lililoanza Arkansas mwaka 1995, ambalo Moore na D. R. Edwards waliliandika, alumini inayodhuru iliongezeka kwenye ploti za mbolea ya amonia naitreti, ambayo huongeza uchachu wa udongo, wala si kwenye ploti za samadi yenye shabu. Mwenye shamba alisikiliza, kisha akasema ataamini nyasi zake.

Mboji

Kuhusu mboji nitakuwa mfupi. Kuozesha kunaua vimelea, kunapunguza harufu na uzito, na mboji inabebeka. Kwa fosforasi hakusaidii. Kaboni inaondoka kama hewa, sehemu ya naitrojeni inapaa kama amonia, fosforasi inabaki yote ndani ya lundo lililonywea. Uwiano unazidi kuharibika. Neno "iliyotibiwa" kwenye gunia la mbolea ya kuku linaweza kumaanisha shabu, mboji, kukaushwa kwa moto au kugeuzwa makaa, na kila kimoja kina tabia yake mbele ya mvua. Anayenunua gunia aulize limetibiwa kwa nini na dhidi ya nini.

Kufukia

Tulikata mikato myembamba kufuata kontua, yaani kukingama na mteremko, tukatia samadi, tukafunika kwa kukanyaga. Kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Zipo mashine za kuifanya: Daniel Pote na wenzake wa utafiti wa kilimo wa serikali ya Marekani walitengeneza moja inayosaga samadi kavu na kuishindilia chini ya nyasi bila kuzing'oa. Majaribio yao ya awali ya kufukia kwa visu yalipunguza upotevu wa virutubisho kwa asilimia 80 hadi 95 ikilinganishwa na kumwaga juu. Namba hizo zinakaribia za shabu, nitakazozitaja mbele, au kuzishinda, bila kemikali yoyote.

Kulima kabisa na kuichanganya samadi nako kungeificha, lakini kwenye mteremko kunafungua mlango mwingine. Udongo uliolegea hubebwa, na fosforasi iliyoshikana na chembe zake hubebwa nayo. Chini ya nyasi za kudumu karibu yote inayoondoka ni ile iliyoyeyuka. Kwenye shamba lililolimwa, nyingi huenda na matope. Dawa ya moja si dawa ya nyingine, na shabu haizuii matope.

Mvua ya kwanza

Hatukusubiri mawingu. Mtambo wa mvua ya bandia una nozeli moja iliyo juu ya mita 3, umefungwa turubai pande zote upepo usipotoshe matone, nao unanyesha milimita 70 kwa saa. Kwa ploti ya mita 3 za mraba hiyo ni lita 210 kwa saa, kwa hiyo suala la maji lilituchukulia muda mwingi kuliko kemia. Maji ya bomba hayafai kutumiwa kabla ya kupimwa, kwa sababu mitambo mingine ya maji hutia fosfeti, chumvi ya fosforasi, ili mabomba yasiliwe na kutu. Yetu tuliyapitisha kwenye kichujio cha ayoni, kinachoondoa chumvi zilizoyeyuka.

Kila ploti inanyeshewa hadi maji yaanze kutiririka, kisha dakika 30 zaidi, tukikusanya kila kinachoingia kwenye mfereji. Maji ya ploti za samadi ghafi yana rangi ya chai ya rangi na harufu yake inatangulia kabla hujaikaribia ndoo. Ya shabu ni mepesi kidogo. Ya zilizofukiwa ni karibu meupe. Rangi hiyo haisemi lolote kuhusu fosforasi, naandika tu ili msomaji asije akaamini macho.

Sampuli zilichujwa palepale shambani kwa karatasi ya mikromita 0.45 na kuwekwa kwenye barafu. Ukisubiri kuchuja maabara, chembe na vijidudu ndani ya chupa vinaendelea na kazi zao, na unachopima jioni si kilichotiririka asubuhi.

Maabara

Kipimo ni kile cha Murphy na Riley cha mwaka 1962: molibdeti, antimoni kidogo, na asidi ya askobiki, yaani vitamini C. Fosfeti ikiwapo, mchanganyiko hugeuka bluu, na wingi wa bluu husomwa kwa mwanga wa nanomita 880. Kipimo cha zaidi ya miaka 60, na bado sijaona kinachokishinda kwa bei na uaminifu. Samadi yenyewe tuliitikisa kwenye maji kwa saa moja, sehemu 1 kwa 100, kupata kiasi kinachoyeyuka kabla ya kuimwaga.

Udongo ulipimwa kwa kimiminiko cha Mehlich-3, kinachotoa virutubisho kwenye udongo ili vipimwe, kilichotungwa na Adolf Mehlich na kuchapishwa mwaka 1984. Hapa kuna mtego kwa wanaotumia shabu. Kimiminiko hicho kina floraidi, na floraidi huing'ang'ania alumini na kuinyang'anya fosforasi. Matokeo yake kipimo kinahesabu kama "ipo tayari" hata fosforasi ambayo mvua isingeigusa. Ploti ya shabu na ploti ya samadi ghafi zinaweza kufanana kwenye karatasi ya Mehlich huku maji yanayotoka kwao yakitofautiana sana. Ndiyo maana kila sampuli ya udongo tunaitikisa pia kwenye maji matupu. Kipimo cha rutuba na kipimo cha hatari ni vitu viwili. Kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine.

Tulichokiona

Asilimia zetu sitaziandika hadi mfululizo wa mvua ukamilike, maana mvua ya kwanza peke yake hupamba mambo. Katika majaribio ya B. R. Shreve na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1995, shabu ilipunguza fosforasi ya maji kwa asilimia 87 mvua ya kwanza na 63 mvua ya pili. Kwenye mashamba madogo mazima, kwa miaka 3, Moore na wenzake walipata asilimia 75. Mwelekeo wetu kwenye sehemu ya juu ya mteremko ni huohuo. Samadi ghafi juu ya nyasi inaongoza kwa mbali, mboji inafuata, shabu iko chini sana, na za kufukia ziko chini kabisa. Shabu pamoja na kufukia haikupunguza fosforasi ya maji zaidi ya kufukia peke yake, ingawa naitrojeni iliyookolewa bandani inabaki faida.

Sehemu ya chini ndiyo iliyotugeuza. Ploti isiyowekwa kitu chochote, iliyokaa tu na nyasi zake, ilitoa bluu nzito kuliko ploti ya juu iliyomwagiwa samadi yenye shabu. Tulirudia kipimo kwa kemikali mpya, bluu ikabaki palepale. Udongo wenyewe ndio unaovuja. Kwa miaka mingi umepokea fosforasi nyingi kuliko alumini na chuma vyake vinavyoweza kushika, na sasa kila mvua inaondoka na kiasi. Uholanzi wana kipimo kwa hali hii: fosforasi ikifika asilimia 25 ya uwezo wa udongo kuishika, udongo unahesabiwa kuwa umeshiba. Sehemu yetu ya chini imepita hapo. Ile ya juu haijakaribia.

Kwenye udongo ulioshiba, shabu ndani ya samadi mpya inazuia nyongeza tu. Kilichokwisha kuwekwa hakijali.

Na haya ndiyo niliyokuwa nikiyazungukia. Kutibu samadi kunabadilisha hali ya fosforasi, hakupunguzi wingi wake. Tani 10 zenye shabu zinaingiza kilo 150 kama tani 10 ghafi. Zimeshikwa vizuri zaidi, zinatiririka polepole zaidi, hata kuzama kwake kwenda chini kunapungua, lakini zinaingia. Nawajua watu wanaochukulia shabu kuwa kibali cha kuendelea na tani 10. Naelewa kwa nini, lundo liko nyuma ya banda na linakua. Lakini kibali hicho kinaisha muda wake ndani ya udongo, kimyakimya, na kikiisha hakuna mashine ya kurudisha nyuma.

Ipo njia ya polepole: kuacha kuweka na kuendelea kuvuna. R. E. McCollum alikadiria mwaka 1991, kwenye udongo mmoja wa North Carolina, kwamba ingechukua miaka 16 hadi 18 ya kulima mahindi na soya bila fosforasi kukishusha kipimo cha Mehlich-3 kutoka miligramu 100 kwa kilo hadi 20. Hesabu ya haraka inaonyesha kwa nini. Sentimita 20 za juu za hekta moja zina uzito wa tani 2,600 hivi, kwa hiyo kushuka kwa miligramu 80 kwa kilo ni kilo 208 za fosforasi. Mavuno yanaondoka na kilo 25 kwa mwaka. Ingekuwa miaka 8 hivi. Inakuwa zaidi, kwa kuwa kila kinachovunwa akiba ya ndani zaidi inajaribu kukirudisha.

Mabadiliko ya mpango

Tumelifuta wazo la kuongeza ploti za shabu kwa viwango vingine. Swali la shabu ngapi limejibiwa na wengine vya kutosha, na mteremko wetu una swali lake.

Sehemu ya chini haipati samadi ya aina yoyote. Nyasi zitakatwa na kubebwa nje ya shamba badala ya kuachwa zioze zilipo, maana nyasi zinazooza papo hapo zinarudisha kila zilichochukua. Naitrojeni zitapewa kwa njia nyingine ili ziendelee kukua na kunyonya. Samadi yote yenye shabu inapanda juu, kwa kipimo cha fosforasi, ikifukiwa. Mwenye shamba amekubali kwa sharti kwamba si yeye atakayesukuma toroli.

Lundo litakalobaki bado halina jibu la shambani kwetu. Kuna jibu la upande wa chakula, kabla samadi haijawa samadi. Karibu theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na soya iko ndani ya fitati, ambayo kuku hawezi kuisaga vizuri, hivyo wafugaji huongeza fosfeti ya madini na fitati inapita ilivyo hadi kwenye maranda. Kimeng'enya cha fitasi, kilichoingia sokoni mwaka 1991, huifungua fitati tumboni. Kikitumika pamoja na kupunguza fosfeti ya nyongeza, fosforasi ya samadi inashuka. Kikiongezwa bila kupunguza fosfeti, mfugaji amelipa mara mbili na samadi haijabadilika. Tumemwomba msambazaji wa chakula cha kuku atupe mchanganuo wa fosforasi kabla ya kundi lijalo la vifaranga.

Kwa sehemu zile chache za chini ambako maji hukusanyika kuelekea mfereji mkuu, tutajaribu tope la mtambo wa kusafisha maji. Ni shabu ileile, iliyokwisha fanya kazi ya kutuliza matope na kubaki kama alumini hidroksaidi, nayo bado ina nafasi ya kushika fosforasi. Hatuitandazi shamba zima. Upotevu mwingi wa fosforasi katika bonde hutoka sehemu ndogo ambako udongo ulioshiba unakutana na njia ya maji, na sehemu hiyo tumeiwekea vigingi. Tope la kwanza limefika kwenye ndoo. Matope ya mitambo tofauti hayashiki sawasawa, kwa hiyo kabla ya kukubali mzigo mzima tunapima alumini yake inayoyeyuka kwenye oksaleti, yaani ile iliyo tayari kushika fosforasi, pamoja na metali nzito. Majibu yakiwa mazuri, linaingia kwenye sentimita 10 za juu kabla ya mvua ya bandia ijayo, na ploti moja ya jirani inabaki bila kitu kwa kulinganisha.